RPE65: Jeni Moja na Giza la Kurithi

Yajulikana na wengi ya kuwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A hushindwa kuona jua linapokuchwa, na ya kuwa akiwahiwa kwa maini, mayai au matone ya dawa, basari yake aghalabu hurejea. Lakini wapo watoto ambao vitamini hiyo imo tele katika damu yao, wala chakula chao hakina kasoro, na juu ya hayo hawaoni ila kwa taabu tangu uchanga wao. Na maradhi yao, ambayo tabibu Mjerumani Theodor Leber aliyaeleza mwaka 1869, hayaondoki kwa lishe, kwa kuwa nakisi imo katika jeni.

Katika retina, utando ulio nyuma ya jicho, seli zinazotuwezesha kuona gizani hubeba protini iitwayo rodopsini, na ndani yake imeshikamana retinali, molekuli itokanayo na vitamini A. Molekuli hiyo huwa imepinda. Nuru ikiigusa hunyooka papo hapo, na kunyooka huko ndiko kunakoanzisha habari ifikayo ubongoni. George Wald wa Marekani, aliyefumbua sehemu kubwa ya siri hii, alitunukiwa Nobeli mwaka 1967. Retinali iliyonyooka, hata hivyo, haifai tena mpaka ihamie katika tabaka la seli nyeusi lililo jirani, ipindwe upya, kisha irudishwe kazini. Na kazi hiyo ya kuipinda hufanywa na kimeng'enya kiitwacho RPE65, ambacho jeni yake imo katika kromosomu ya 1.

Jeni hiyo ikiharibika, vitamini A hurundikana katika tabaka lile kwa vitone vya mafuta ilhali seli za nuru zinaikosa, mithili ya taa iliyojaa mafuta yasiyoufikia utambi. Mtoto huugua endapo amerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi wenyewe huona vizuri. Kwa hiyo kumtupia mama peke yake lawama, kama ifanywavyo katika nyumba nyingi, ni dhuluma isiyo na hoja. Palipo na ndoa za binamu, ambazo ni ada katika koo kadhaa za pwani na za Ghuba, nakala hizo mbili hukutana kwa wepesi zaidi.

La kheri ni kwamba seli za nuru hazifi zote upesi, na katika muhula huo wataalamu waliona mlango: kuitia jeni nzima katika kirusi kisichodhuru na kukidunga chini ya retina. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba mbwa wa jamii ya Briard, waliozaliwa na nakisi hiyo hiyo, wamepata kuona kwa njia hiyo. Na Desemba 2017 Marekani ikaidhinisha Luxturna, dawa ya njia hiyo hiyo, kwa wanadamu. Bei yake ilitajwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili, kiasi ambacho kwangu ni aibu kwa ulimwengu uliokwisha kuijua tiba. Wala dawa hiyo haifufui seli iliyokufa, wala haiwafai wenye nakisi katika jeni nyingine, zaidi ya 250, zinazoharibu retina. Ndiyo maana mtoto asiyeifuata taa kwa macho apelekwe kwa tabibu wa macho mapema, na jeni zake zipimwe, seli zake zingali hai.