Kuku anayeumwa asipelekwe Darajani

Februari 2006, mafua ya ndege aina ya H5N1 yalithibitishwa kwenye kuku Nigeria, mara ya kwanza Afrika. Mwaka 2017 aina ya H5N8 iliua ndege Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria.

Mfugaji wa Bububu anapoona kuku wanakufa, rahisi kusema ni mdondo na kuwauza haraka waliobaki ili aokoe mtaji. Dalili hufanana, maabara ndiyo hutofautisha. Kirusi cha ndege kikijifunza kuambukizana baina ya watu, hasara haitaishia bandani.

Chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila miezi mitatu, hupunguza vifo na shaka. Wakifa wengi ghafla, asiuze, asichinje, asiwashike mikono mitupu. Amwarifu sheha na daktari wa mifugo.