Kikinga upepo cha lori: asilimia ya dizeli imepimwa wapi?

Kwenye foleni za malori Malaba na Busia, si ajabu kuona lori lenye kipande cha fibaglasi kilichopinda juu ya kabini. Kazi yake ni kuupandisha upepo upite juu ya kontena badala ya kuligonga usoni. Wauzaji wa vikinga hivi hutaja asilimia ya dizeli itakayookolewa. Kwa mwenye mzigo anayelipa nauli ya lori kutoka Mombasa hadi Kampala, kila lita huishia kwenye bei ya bidhaa sokoni.

Mara nyingi asilimia hizo hupatikana kwenye handaki la upepo, yaani chumba kirefu ambamo gari au mfano wake husimama na hewa ikavumishwa kulipita. Nyingine hutoka kwenye kompyuta inayoiga handaki hilo. Kote kuwili, ukubwa wa chumba unaweza kubadilisha jibu.

Sababu yake inaonekana kwenye daraja lolote lenye nguzo nene: maji ya mto yakibanwa kati ya nguzo, huenda mbio zaidi. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Kitu kikiziba 10% ya upana na kimo cha handaki, hewa inayopita kando yake hulazimika kuongeza kasi kwa karibu 11%. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo msukumo wa hewa hiyo hupanda kwa takriban 23%. Ukinzani unaosomwa unakuwa mkubwa kuliko wa barabarani. Nguvu ya kuinua, ile inayopunguza uzito wa gari kwenye matairi, nayo hupotoka, kwa kuwa dari na kuta huizuia hewa isipinde inavyotaka. Handaki lenye mkondo wa hewa usiozungukwa na kuta hukosea upande wa pili: hewa hutawanyika, kipimo kikasoma chini.

Uso wa lori la trela ni kama mita 10 za mraba. Likiingizwa zima kwenye handaki la Ottawa, Kanada, lenye mita 9 kwa 9, litaziba kama 12%. Kwenye handaki la NASA huko Ames, California, lenye takriban mita 24 kwa 37, litaziba kama 1% tu. Kwa kawaida wahandisi hupenda kisizidi 5%. Kikizidi, hurekebisha matokeo kwa hesabu. Kutumia mfano mdogo husaidia, lakini mdogo mno nao hupotosha, kwani hewa haiuzunguki kama inavyolizunguka gari kamili.

Ndani ya kompyuta, kishawishi ni gharama. Sanduku kubwa la hewa linahitaji hesabu nyingi na saa nyingi za mashine, basi anayetaka jibu la haraka husogeza kuta karibu.

Mtu anaweza kudhani kosa litajifuta likilinganishwa lori lenye kikinga na lisilo nacho, yote kwenye chumba kimoja. Halijifuti lote. Lori lisilo na kikinga huacha mkia mpana zaidi wa hewa iliyovurugika, hivyo hubanwa zaidi na kuta na ukinzani wake hukuzwa zaidi. Pengo kati ya hayo mawili hupanuka, na kikinga huonekana bora kuliko kilivyo.

Barabara nayo ina hesabu yake. Kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa lori lenye mzigo likipanda mlima, ukinzani wa hewa ni robo tu ya ule wa kilomita 80. Kwenye foleni ya mizani, kikinga hakiokoi kitu.

Kwa hiyo kikinga kinaweza kusaidia kweli, hasa kwenye nyanda ndefu, lakini asilimia peke yake haitoshi. Kabla ya kulipa, mwenye lori aulize mambo matatu: kilipimwa kwa mwendo gani, lori au mfano wake uliziba asilimia ngapi ya handaki, na matokeo yalirekebishwa au la. Mfanyabiashara hakubali magunia yake ya mahindi yapimwe kwa mizani asiyoikagua. Handaki la upepo nalo ni mizani.