Kabla hujanunua mbegu za vuli: bahari imepimwaje?

Vijana mnaolima kibiashara Tanga, Kilimanjaro na kaskazini mwa Morogoro, kila Agosti swali lenu ni lile lile: "Afisa, vuli ya mwaka huu tuingize hela au tukae pembeni?" Jibu mfukoni sina. Sehemu yake kubwa iko baharini, na kuna vifaa vinavyoitwa maboya ya Argo vinavyoifuata huko.

Boya la Argo ni bomba la urefu wa zaidi kidogo ya mita moja. Likishashushwa majini kutoka melini, linajitegemea. Linazama mita 1,000, linachukuliwa na mkondo siku kadhaa, linashuka hadi mita 2,000, kisha linapanda taratibu huku likipima joto, chumvi na mgandamizo wa maji. Likifika juu linatuma vipimo kwa setilaiti, halafu linazama tena. Kila siku 10 hivyo hivyo, kwa miaka minne, mitano, mpaka betri iishe. Injini halina. Pampu ikisukuma mafuta kwenye mfuko wa mpira ulio nje, boya linatanuka na kupanda. Mafuta yakirudi ndani, linazama. Basi! Duniani yapo takriban 4,000.

Wenye vitalu nyumba mnakijua kipima EC mnachotumbukiza kwenye tenki la mbolea. Argo nayo inapima chumvi kwa kanuni hiyo: chumvi ikizidi, maji yanapitisha umeme zaidi. Ila usahihi ni wa daraja jingine. Joto linapimwa kwa usahihi wa digrii 0.002 hivi.

Mkulima wa nyanya inamhusu nini? Vuli yetu inafuata sana tofauti ya joto kati ya Bahari ya Hindi upande wetu na upande wa Sumatra, Indonesia. Kwetu kukiwa na joto kuliko kawaida na kule baridi, mawingu ya mvua yananenepa huku. Kizingiti ambacho Idara ya hali ya hewa ya Australia hutumia kuitambua hali hiyo ni tofauti kuzidi ya kawaida kwa digrii 0.4 tu. Kipimajoto kinachokosea nusu digrii hakiwezi kuliona jambo hilo. Na setilaiti huona ngozi ya bahari tu. Joto lililojificha chini, linalosaidia kujua kama hali itadumu, linahitaji boya. Mwaka 2019 tofauti ilikuwa kubwa, vuli ikamwaga mafuriko. Mwaka 2022 ikageuka, mvua zikatukimbia.

Kwa hiyo utabiri wa vuli wa TMA ukitoka, usome wote, hasa sehemu ya kanda yako. Hautakuambia mvua itanyesha shambani kwako Jumanne. Unakupa uwezekano. Ukisema chini ya wastani, punguza eka, chukua mbegu za muda mfupi, na mkopo wa kilimo cha kutegemea mvua uache kwanza. Ukisema juu ya wastani, chimba mitaro mapema na dawa ya ukungu iwe stoo kabla ya kupanda. Wa Dodoma na Singida, ninyi mna msimu mmoja. Hesabu hii ya vuli msiihamishie kwenu kama ilivyo.