Jeki ya boti ikishuka usiku, usikimbilie silinda mpya
Na Mwandishi Wetu, Tunguu

WENYE boti za faiba kisiwani Unguja wanaonyanyua vyombo vyao kwa jeki za haidroliki wanaweza kuokoa fedha nyingi iwapo watapima kwanza, kabla ya kuagiza silinda mpya, pale jeki inapoanza kushuka yenyewe polepole.

Tunguu ipo kwenye barabara itokayo Mjini kwenda Kizimkazi na Paje, na boti inayopelekwa matengenezo kwa gari hupita hapa. Mwenye ngalawa hana haja ya jeki. Husubiri bamvua, maji yakipwa chombo hubaki mchangani, akakikwangua. Boti ya watalii wanaokwenda kuangalia pomboo ni mtaji mwingine. Kila siku inayokaa juu ya stendi wakati wa msimu ni siku isiyo na mapato.

Hesabu yenyewe ni hii. Silinda yenye pistoni ya kipenyo cha sentimita 10 ikishuka sentimita 2 kwa usiku wa saa 12, oili iliyopotea ni kama mililita 157, yaani mililita 13 kwa saa, ambazo hazijazi kijiko cha chakula. Chembe moja ya mchanga kwenye kiti cha valvu yatosha kupitisha kiasi hicho.

Tena si kila kushuka ni kuvuja. Oili ikipoa digrii 10 hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.7. Jeki iliyonyanyuliwa mchana wa jua, silinda ikiwa na oili kimo cha mita moja, itashuka milimita 7 alfajiri bila kosa la mtu. Kwa hiyo piga alama ya chaki kwenye mkono wa pistoni jioni oili ikiwa imekwishapoa, ndipo upime asubuhi.

Ikishuka zaidi ya hapo, futa mabomba na viungo vyote, kisha tandika karatasi chini. Usipapase kwa kidole kutafuta tundu, kwani oili yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo hali ni la kupasuliwa hospitali.

Karatasi ikibaki kavu, sasa funga koki iliyopo kati ya silinda na pampu, kama ipo. Jeki ikitulia, ugonjwa uko upande wa pampu: ama valvu ya kuzuia oili isirudi, ama ile ya kushushia. Hapo kazi ni kufungua, kuosha, kubadili oring'i na kuchuja oili. Sisi tuliosomea biashara huita hii gharama ya matengenezo. Silinda mpya ni gharama ya mtaji, na haina sababu ya kuja kabla ya zamu yake.

Jeki ikiendelea kushuka na koki imefungwa, basi ni sili za silinda. Kwa silinda inayonyanyuliwa na oili na kushuka kwa uzito wake, utaiona oili ikitokea kwenye mkono au kwenye tundu la kupumulia. Pitisha ukucha juu ya mkono huo. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu ya chumvi, sili mpya itakatwa baada ya muda mfupi na fedha yako itakuwa imepotea. Mkono upelekwe kwa fundi wa mashine au ununuliwe mwingine.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, boti ishushwe na ikae juu ya stendi au magogo. Hakuna mtu wa kuingia chini ya chombo kilichoshikwa na oili peke yake. Aidha, oili ya breki isimiminwe kujazia, maana huharibu sili za mpira wa kawaida wa haidroliki. Tumia oili ya haidroliki, namba 32 au 46 kama mtengenezaji alivyoelekeza. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji, na imwagwe yote.

Anayekwenda dukani, Mjini au Kariakoo Dar es Salaam, achukue sili ya zamani mkononi pamoja na vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na kimo chake.