Je, Wajua? Bata Mkimbiaji Hana Habari na Kiota

Bata aina ya Indian Runner husimama wima kama chupa, na akishtuka hutimua mbio, kwani kuruka hawezi. Asili yake ni visiwa vya Indonesia, ambako huswagwa mashambani mwa mpunga akale konokono na wadudu.

Unataka kujua dume na jike? Mshike, umsikilize. Akifikisha wiki sita hadi nane, jike hulia kwa nguvu. Dume sauti humkauka. Baadaye dume huota unyoya uliojikunja mkiani.

Jike huanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita, mara nyingi mayai zaidi ya 150 kwa mwaka. Ila huyaangusha popote, hata njiani, na ni nadra kuatamia. Mfungulie banda saa tatu asubuhi, akishataga. Ukitaka vifaranga, mpe mayai hayo kuku wa kienyeji anayeatamia: huanguliwa kwa siku 28, si 21 kama ya kuku.