Vumbi Si Jambo Dogo
Vumbi halichagui. Chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilitua kwenye sayari ya Mirihi Novemba 2018. Kamera zake zilikuwa na vifuniko vya kuzuia vumbi la kutua, kisha vikafunguliwa. Lakini paneli zake za sola hazikuwa na kitu cha kuzipangusa. Vumbi likajaa, umeme ukapungua. Mwaka 2021 mkono wa chombo ulimwaga mchanga karibu na paneli, upepo ukaupeperusha, nao ukaondoa vumbi kidogo. Ilisaidia, lakini Desemba 2022 chombo kikanyamaza kabisa. Huko hakuna mtu wa kukipangusa. Sisi tuko, na kitambaa na maji tunavyo. Je, paneli ya pampu yenu, ni zamu ya nani? Ipanguseni asubuhi, kabla haijapata moto.