Mbwa akitikisa kichwa, nusa sikio lake

Ilianza usiku. Kila tukikaribia kusinzia, pa-pa-pa nje ya dirisha: mbwa wetu Simba anatikisa kichwa, masikio yanapiga fuvu. Siku ya tatu sikio la kushoto lilikuwa limevimba kama andazi, laini na la moto. Jirani, mtu mwema kabisa, akaja na kikopo cha oili chafu. "Mmiminie hii, kesho kapona."

Oili chafu inafaa kwa mchwa kwenye nguzo za uzio. Nikampakia Simba kwenye bajaji, tukaenda kwa daktari wa mifugo.

Tundu la sikio la mbwa hushuka wima, kisha hukata kona kuingia ndani. Maji na uchafu vikifika kwenye ile kona havitoki kirahisi, na msimu wa masika kwetu pwani, kuvu na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo daktari alianza kwa kunusa. Sikio zima halinuki. Uchafu mkavu mweusi, mithili ya unga wa kahawa, mara nyingi ni utitiri, nao huhamia kwa paka na mbwa wengine, hivyo hutibiwa wote. Ukiwa wa mafuta, rangi ya udongo, wenye harufu ya chachu, shuku kuvu. Usaha unaovunda ni bakteria.

Kwa Simba, kifaa chenye taa kilionyesha kupe wawili, mmoja ameshiba hadi kufanana na punje ya mbaazi. Lile andazi lilikuwa damu: kwa kutikisa na kukuna, mishipa midogo ilipasuka, damu ikajaa katikati ya ngozi na gegedu.

Kabla ya kutia tone lolote, daktari alihakikisha ngoma ya sikio haijatoboka. Ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa, gentamaisini ikiwemo, zinaweza kumfanya mbwa kiziwi. Ndiyo maana ile chupa ya matone iliyobaki kabatini, ndimu na mafuta ya taa si vya kubahatisha. Vijiti vya pamba navyo husukuma uchafu chini zaidi.

Mbwa wako akiinamisha kichwa upande mmoja au akiyumba kama mlevi, usingoje kesho. Huenda ugonjwa umefika sikio la ndani.

Simba alitolewa damu, akafungwa bendeji, akapona. Sikio lile limebaki limekunjamana, halisimami tena.